Muislamu Mmoja Sawa, Waislamu Je?

Taasisi ya utafiti ya Gallup nchini Marekani ina swali moja la miaka mingi: chama chako kikimteua mtu anayefaa kuwa rais, ila akawa Mkatoliki, utampa kura yako? Mwaka 1937 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 60. Kwa Myahudi walikuwa 46. Muislamu aliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2012 tu, akapata asilimia 58, na kufikia 2019 alikuwa na 66. Kwa hesabu hiyo, Muislamu wa karne hii ameanzia karibu palepale alipokuwa Mkatoliki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wanaoyatazama mambo kwa matumaini hupenda ulinganisho huu. Wanasema Mkatoliki naye alitiliwa shaka, na John Kennedy alipogombea mwaka 1960 ilimbidi aende Houston kuwahakikishia wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatapokea amri kutoka Roma, lakini akaingia Ikulu. Ni kweli. Tatizo ni kwamba wakati huo Wakatoliki walikuwa karibu robo ya Wamarekani, wana vyama vya wafanyakazi na miji mizima mikononi mwao. Waislamu wa Marekani ni kama asilimia moja ya watu wote. Hakuna mwanasiasa wa kitaifa anayelala macho akiwahofia.

Tena wastani huficha mengi. Mwaka 2015, wafuasi wa chama cha Democratic waliosema wangemchagua Muislamu walikuwa karibu robo tatu. Wa Republican hawakufika nusu. Wanaodhani kuna msimamo mmoja wa Wamarekani kuhusu jambo hili wanajumlisha watu wa kambi mbili zisizosikilizana.

Kisha kuna suala la ukweli wa majibu yenyewe. Watu wanajua jibu gani ni la heshima, na mtafiti akiwapigia simu humpa hilo. Novemba 2009 Waswisi walipiga kura ya kuzuia ujenzi wa minara ya misikiti. Tafiti za maoni zilizotangulia zilionyesha pendekezo hilo litaanguka. Lilipita kwa asilimia 57.5, katika nchi iliyokuwa na misikiti minne tu yenye minara. Hapo hapakuwa na mgombea wa kuchagua, lakini funzo kwa watafiti lilibaki: ukitaka kujua mwenye kura anawaza nini, tazama alichotia sandukuni.

Njia inayokaribia hiyo ndiyo waliyoifuata watafiti Stephen Fisher, Anthony Heath, David Sanders na Maria Sobolewska walipochambua uchaguzi mkuu wa Uingereza wa 2010. Waligundua kwamba wagombea wa jamii za wachache walipoteza kwa wastani kama asilimia 4 ya kura miongoni mwa wazungu. Ukitazama ndani, hasara hiyo iliwaangukia zaidi Waislamu, na ilitoka zaidi kwa wapigakura wenye chuki na uhamiaji. Wagombea wengine wa asili ya kigeni hawakuadhibiwa hivyo. Kwa hiyo si rangi peke yake. Na wagombea wenye asili ya Pakistani walinufaika na kura za Wapakistani wenzao.

Vyama navyo vinajua kupiga hesabu, na hapa ndipo mambo yanaponivutia zaidi. Mwanasayansi wa siasa Rafaela Dancygier, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu vyama na Waislamu barani Ulaya, anaonyesha jinsi vyama vinavyowasimamisha Waislamu pale wanapokaa kwa wingi, vikipitia kwa wazee wa ukoo wanaoweza kuleta kura za mtaa mzima kwa mkupuo. Wanawake, na vijana wasiokuwa na ukoo mkubwa, husukumwa pembeni. Halafu raia wa kawaida wa jamii ya wengi anatazama na kusema: unaona, hawa huchaguana kwa ukoo, wala wanawake wao hawana sauti. Alichokiona ni kweli. Asichokiona ni chama chake mwenyewe kikikaa na wazee wale na kupanga majina. Mimi huhesabu sehemu kubwa ya shaka hiyo kuwa kazi ya mikono ya vyama.

Muislamu mmoja mmoja, akija na nembo ya chama kinachojulikana, hupita. Sadiq Khan alipata asilimia 56.8 katika hesabu ya mwisho jijini London mwaka 2016, mji ambao sensa ya 2011 ilionyesha Waislamu hawafiki asilimia 13. Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Kenya, aliongoza serikali ya Scotland kwa zaidi ya mwaka. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya wa New York Novemba 2025. Wapigakura wengi waliowapa ushindi hawakuwa Waislamu.

Mambo hubadilika Waislamu wanapojipanga wenyewe. Julai 2024, wagombea binafsi wanne Waislamu waliingia bungeni Uingereza, akiwemo wa jimbo la Leicester South, wakibebwa na hasira ya wapigakura juu ya vita vya Gaza. Mara moja yakazuka mazungumzo ya “kura za Kiislamu” kana kwamba ni ugonjwa. Mkulima akimpigia kura mtetezi wa bei ya maziwa huitwa mpigakura. Tena Uingereza haina ugeni na jambo hili: jimbo moja la Liverpool lilimrudisha bungeni T. P. O'Connor, mzalendo wa Ireland, kuanzia 1885 hadi alipofariki 1929, kwa nguvu ya kura za Wakatoliki wa Ireland waliohamia pale.

Swali la Gallup haligusi kujipanga huko. Linauliza kuhusu mtu mmoja, anayefaa, aliyeteuliwa na chama ambacho mjibuji tayari anakipenda.