Maji Yakishaingia Kwenye Kichupa

Anayepeleka dawa Marabo kutoka Bunia, huko Ituri nchini Kongo, hufuata Barabara ya Taifa namba 27, ile inayoendelea hadi Komanda. Mvua ikinyesha sana, lori huweza kulala njiani. Bunduki zikilia, halitoki kabisa. Katoni za dawa za sindano huistahimili safari hiyo kwa kuwa nyingi zina unga mkavu ndani. Unga hauna haraka. Ukihifadhiwa chini ya nyuzi 30, mbali na jua, hukaa miaka miwili au zaidi.

Muuguzi akichomeka sindano na kusukuma maji ndani ya kichupa, ule muda wa miaka hugeuka kuwa wa saa, tena wakati mwingine saa moja tu.

Chukua ampisilini, ambayo hakuna zahanati isiyoijua. Katikati ya molekuli yake mna pete ndogo ya atomi nne, iliyobanwa kupita kiasi, kwa hiyo muda wote inatafuta nafasi ya kufunguka. Pete hiyo ndiyo inayomwangamiza bakteria, na hiyo hiyo ndiyo inayovunjwa na maji. Ikishafunguka, dawa imebaki jina. Ikiwa imekolea, mambo ni mabaya zaidi: molekuli moja huifungua pete ya jirani yake, zikaungana, zikaunda mnyororo usioponya kitu. Ndiyo maana maelekezo husema ampisilini iliyokorogwa itumike ndani ya saa moja. Ndani ya chupa ya glukosi huharibika upesi kuliko ndani ya maji ya chumvi, na joto huongeza kasi. Kanuni ya jumla, inayotokana na kazi ya Mswidi Svante Arrhenius ya mwaka 1889, ni kwamba nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya uharibifu huweza kuwa mara mbili au zaidi.

Na jicho halisaidii. Ampisilini iliyokufa inaweza kuwa angavu kama iliyo hai. Furosemidi walau ina adabu: ikipigwa na mwanga, hugeuka manjano, nawe unajua ya kutupa. Seftriaksoni nayo ina ugomvi wa aina nyingine. Yenyewe hudumu vizuri kwenye maji ya chumvi, lakini ikikutana na kalsiamu iliyomo katika Ringa laktati, hufanya chembe ngumu zisizoyeyuka. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watoto wachanga kufariki, chembe za aina hiyo zikiwa zimekutwa kwenye mapafu na figo zao. Wodi yenye chupa za Ringa tele na chumvi kidogo ina kila sababu ya kulikumbuka onyo hilo.

Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliopiga Kivu Kaskazini na Ituri, Komanda na Bunia zikiwemo, ulileta dawa zenye masharti makali zaidi. Mojawapo ni mAb114, kingamwili iliyopatikana kwa mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Ilijaribiwa Kongo pamoja na dawa nyingine tatu kwa wagonjwa 681, na Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu yenyewe na mojawapo ya hizo, REGN-EB3, zilikuwa zimeshaonyesha kuokoa watu wengi zaidi. mAb114 ni unga pia, ila unga wa protini: unataka frigo ya nyuzi 2 hadi 8, na ukitiwa maji hautikiswi, bali huzungushwa polepole mpaka uyeyuke, maana povu huzikunja protini vibaya zikagandana. Baada ya hapo una saa nne. Wenye kuendesha kituo cha Ebola hupewa jenereta kwa kazi hiyo. Kituo cha kawaida hakipewi, ingawa malaria huingia humo kila siku.

Basi tuitazame artesuneti, sindano ya malaria kali. Haipendi kuyeyuka katika maji matupu. Huyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu, ikatikiswa mpaka iwe angavu kabisa, kisha kwa kuchoma mshipani huongezwa mililita 5 za chumvi au glukosi. Kichupa cha miligramu 60 huwa sasa na mililita 6. Hakina kihifadhi cha kuzuia vijidudu, na dawa itumike ndani ya saa moja.

Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 24, ambazo ni mililita 2.4. Zinabaki 3.6. Dozi ya pili ni baada ya saa 12, na hapo ndipo mkono unaposita kuzimwaga, kwa sababu aliyenunua kichupa ni mama aliyekaa pembeni. Kuna ujanja halali: mtoto mwingine wa malaria kali akiwa wodini, dozi zao zivutwe kwa pamoja, kila moja kwa bomba lake safi. Kuna pia kichupa cha miligramu 30, ambacho kwa mtoto huyo humwagwa mililita 0.6 tu. Kwa maoni yangu, anayeandika oda ya dawa za watoto Bunia angeanza na hicho.