Neno "Baraza" na Masomo ya Mwaka wa Pili wa Usanifu Majengo

Aghalabu tusikiapo kwamba mtu anasomea usanifu majengo, hudhani kuwa kazi yake ni kuchora nyumba tu. Dhana hiyo ina ukweli mdogo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi yale wanayofundishwa wanafunzi wa fani hiyo katika mwaka wa pili, na kuonyesha kwa nini yanatuhusu sisi tunaoshughulikia Kiswahili. Ili maelezo yasiwe ya jumla mno, tutachukua mfano mmoja ambao kila mkazi wa Lubumbashi anaufahamu, yaani baraza la nyumba.

Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi huzoeza mkono na jicho: hupiga mistari, hupima vyumba, hujifunza vipimo vya michoro. Katika mwaka wa pili huambiwa kwamba mchoro mzuri hautoshi. Jengo sharti lisimame, likinge jua na mvua, na liwafae watakaolikaa. Mitaala ya Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam haifanani katika kila jambo, lakini kiini chake ni kimoja, nacho ni studio ya usanifu. Humo mwanafunzi hupewa kazi ya jengo dogo, tuseme nyumba ya familia au zahanati. Hutakiwa kuleta michoro ya aina tatu: mchoro wa sakafu, unaoonyesha vyumba kama vinavyotazamwa kutoka juu, mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kwa kisu, na mchoro wa uso, unaoonyesha ukuta wa nje. Kisha husimama mbele ya walimu na wenzake kuitetea kazi yake. Masomo mengine humpa hoja za utetezi huo.

Somo la kwanza ni la mihimili. Paa la baraza lina uzito wake wa kudumu, tena hupigwa na upepo. Mwanafunzi hufuata safari ya uzito huo kutoka kwenye bati hadi kwenye boriti, kutoka kwenye boriti hadi kwenye nguzo, hatimaye msingi na udongo. Mfano mashuhuri hutoka pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, upana wake ukikaribia mita 3 tu. Hivyo mti uliamua umbo la chumba kabla ya fundi kuamua.

Somo la pili ni la vifaa na ujenzi. Hapa kwetu matofali mengi ya kuchoma hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu, nayo huchomwa kwa kuni za miombo. Mwanafunzi hana budi kujua tofali hilo hubeba uzito gani, hunywa maji kiasi gani, na msitu hulipa gharama gani kwa ajili yake.

Somo la tatu ni la jua na hali ya hewa. Lubumbashi iko karibu na nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua huwa upande wa kaskazini, kwa kimo cha nyuzi 55 hivi. Paa lililotokeza mita 1 kaskazini hutia kivuli mita 1.4 tu za ukuta, kuanzia usawa wa ncha yake kwenda chini. Sehemu ya chini hupata joto, nalo linapendeza katika msimu wa baridi. Mwezi wa Desemba jua huwa kusini, kwa kimo cha nyuzi 78. Paa la upana uleule upande huo hutia kivuli mita 4.7, yaani ukuta mzima wa nyumba ya kawaida. Ukuta wa magharibi ndio mgumu, kwani jua la jioni hupita chini ya paa lolote.

Somo la nne ni la historia na jamii. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na wakoloni waliacha eneo tupu kati ya mtaa wa Wazungu na makazi ya Waafrika kama Kamalondo. Mwanafunzi hujifunza kwamba ramani si karatasi tupu; huamua nani akae wapi na nani apite wapi. Hata neno letu lina historia. Pwani, baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba, na pia mkutano wa watu. Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo kililiazima, kikaliandika "barza" kwa maana ya veranda. Neno moja limechukua kivuli, kikao na mapokezi ya mgeni.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Masomo haya hufundishwa kwa Kifaransa, ilhali ukuta hujengwa kwa Kiswahili. Tuchukue mchoro unaosema kwamba sehemu ya chini ya dirisha iwe sentimita 90. Fundi atauliza: kutoka wapi? Kutoka sakafu iliyokwisha kusakafiwa, au kutoka juu ya msingi? Msanifu asiyeweza kulijibu swali hilo kwa maneno ambayo fundi huyatumia ataliona kosa lake likiwa limekwisha kukauka katika saruji, na mwenye nyumba ndiye atakayelipa gharama ya kubomoa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wetu wa isimu wafuatane na wale wa usanifu majengo wanapokwenda kupima nyumba mjini. Wengine wapime ukuta; wengine waandike majina ambayo mafundi huyapa kila sehemu, pamoja na maana zake. Istilahi itakayotokana na kazi hiyo haitakuwa ya kubuniwa mezani. Itakuwa imekwisha kujaribiwa na wenye mwiko na timazi.