Vifungo vya Shati na Mizizi ya Hofu

Mwaka 2002, Lissette Saavedra na Wendy Silverman walichapisha kisa cha mvulana wa miaka tisa, huko Marekani, aliyeshindwa kugusa vifungo vya nguo. Hofu ilimwanza akiwa na miaka mitano. Siku hiyo darasani walikuwa wakibandika vifungo kwenye kazi ya sanaa. Vikamwishia, akaenda kuongeza kwenye bakuli kubwa mezani kwa mwalimu, mkono ukateleza na vyote vikammwagikia mwilini. Hakuumia hata kidogo. Hata hivyo alianza kuvikwepa, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi, mpaka akashindwa kujivalisha mwenyewe, na shuleni akawa hasikii somo kwa kuchunga asiguse shati la sare wala chochote kilichogusana nalo. Msikilizaji wa kisa hiki huenda akacheka, au akasema ni deke la mtoto. Mimi nasema kisa hiki kinatufundisha kuhusu hofu kuliko visa mia vya watu wanaoogopa nyoka, kwa sababu kifungo hakikumdhuru mvulana huyo hata kidogo, kwa hiyo inatulazimu tutafute chanzo mahali pengine, nje ya kifungo chenyewe.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hofu hufunzwa na tukio. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto mchanga panya mweupe huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya kurudia mara kadhaa, mtoto akawa analia kwa kumwona panya tu, na hata sungura na koti la manyoya vikamtisha. Leo jaribio hilo lisingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe. Lakini kama tukio peke yake lingetosha, kila aliyewahi kupigwa shoti ya umeme angeogopa soketi maisha yake yote, na sivyo ilivyo. Ndiyo maana Martin Seligman alitoa hoja mwaka 1971 kwamba binadamu amezaliwa na wepesi wa kuogopa baadhi ya vitu vilivyowahatarisha wahenga wake. Susan Mineka na wenzake waliipa hoja hiyo nguvu kwa majaribio ya kima waliolelewa maabara: walipoonyeshwa video za kima mwenzao akiogopa nyoka, nao wakaanza kumwogopa nyoka, lakini video zilipotengenezwa ili ionekane anaogopa maua, hawakujifunza kuyaogopa.

Hapo msomaji makini atauliza: wahenga gani hao waliohatarishwa na vifungo? Swali ni zuri, na jibu limo katika matibabu ya mvulana yule. Alipozoeshwa kushika vifungo hatua kwa hatua, mikono yake ilikubali kushika vingi zaidi, lakini mwenyewe akazidi kutaabika. Wataalamu waliomtibu walipochunguza waligundua kwamba kilichomsumbua hasa ni kinyaa: aliona vifungo vikigusa mwili wake ni uchafu, na kwamba vinanuka. Ndipo wakamfanyisha mazoezi ya kufikiria vifungo vikimwangukia, huku akijifunza kuupinga ule uchafu aliokuwa akiuona akilini, na hali ikatengemaa. Mwaka mmoja baadaye alikuwa akivaa sare yenye vifungo. Maana yake ni kwamba mwili una king'ora zaidi ya kimoja. Kimoja hutuonya dhidi ya meno na miiba, kingine dhidi ya uchafu na maradhi, na hiki cha pili kinaweza kulizwa na kitu kisicho na hatia yoyote. Wanaosisimkwa na kundi la matundu madogo, kwa mfano yale ya sega la nyuki, nao wamechunguzwa kwa mtazamo huo. Geoff Cole na Arnold Wilkins, mwaka 2013, walidai kuwa picha za matundu hayo zinafanana na madoa ya wanyama wenye sumu. Watafiti wengine baadaye wakaona zaidi zinafanana na ngozi yenye ugonjwa, mathalani ndui. Mimi naelemea upande wa hawa wa pili, kwa kuwa wengi wa wanaosumbuliwa husema wanachefuka na kuwashwa, si kwamba wanataka kukimbia.

Iwapo chanzo ni kinyaa, nini kiliifanya hofu ya mvulana yule idumu miaka minne baada ya bakuli kumwagika? Ni kule kukwepa. Anayekwepa hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humzuia kugundua kwamba hakuna baya ambalo lingempata. Wapo watakaosema basi alazimishwe, ashikishwe kwa nguvu, atazoea. Lakini kumshtua mtu upya ni kumwongezea tukio jingine la kuogopa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimtibu mtoto aliyeogopa sungura kwa kumsogeza mnyama huyo kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula akipendacho, na msingi wa tiba ya leo bado ni uleule: kusogea taratibu, kwa ridhaa ya mwenye hofu. Kwa hiyo mzazi au mwalimu mwenye mtoto anayelia kwa kuona puto au kifungo, usimcheke na usimchape. Muulize anahisi nini hasa, hofu au kinyaa, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia akiwa bado mdogo.