Kwa nini fomu yetu ilipeleka msiba wa Konde Chake Chake

Mwezi uliopita tulisoma hewani tangazo la msiba lililotufikia kwa fomu ya tovuti yetu. Tukasema maziko ni Chake Chake, baada ya sala ya Alasiri. Kumbe yalikuwa Konde, wilaya ya Micheweni. Tulisahihisha kabla ya saa moja kupita, lakini wapo waliokwisha panda gari, na kwetu maiti hacheleweshwi. Wafiwa tumewaomba radhi. Wasikilizaji wengi wameuliza ilikuwaje.

Ukurasa wa tovuti huundwa kwa vipande vipande ambavyo mafundi huviita komponenti: kitufe, kisanduku cha jina, orodha ya wilaya. Kipande kimoja hutumika mahali pengi, na kila mara hupewa sifa zake: maandishi gani yaonekane, orodha ipi ifunguke. Kisipopewa sifa fulani, hutumia chaguo-msingi, yaani jibu ambalo fundi ameliweka mapema. Ni kama mkahawani: ukiagiza chai bila ya kusema zaidi, inakuja na sukari.

Orodha ya kuchagua ina tabia yake. Fundi asipotaja jibu la kuanzia, kivinjari huchukua lililo juu kabisa. Wilaya zetu nne zilipangwa kwa alfabeti: Chake Chake, Micheweni, Mkoani, Wete. Aliyetuma tangazo aliandika jina la marehemu na saa ya maziko, akaona wilaya imeshajazwa, akapita. Sisi tukapokea "Chake Chake", bila ya alama yoyote ya kuonesha kama imechaguliwa au imeachwa tu. Fomu ya mikoa yote ya Tanzania ikitengenezwa hivyo, asiyechagua huwa mtu wa Arusha.

Lipo kosa jengine, la sifuri. Katika lugha ya JavaScript, mafundi wengi huandika mistari miwili ya wima kwa maana ya "tumia jibu hili, na kama halipo tumia lile". Alama hiyo huihesabu 0 kuwa si kitu. Mtu akijibu kwamba watoto wake ni 0, na chaguo-msingi ni 1, fomu humpa mtoto asiyemzaa! Tangu 2020 lugha hiyo ina alama nyengine, ya viulizo viwili, ambayo huiacha 0 ibaki 0.

Fundi wetu sasa ameweka juu ya orodha maneno "Chagua wilaya", na fomu haiendi mpaka uchague. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba tunamwongezea kazi mtu mwenye msiba. Ni kweli, lakini kazi hiyo ni ya kugusa mara moja. Saa nayo tumeiondoa, maana saa 10 ya kwetu simu huiandika 16:00. Badala yake unachagua sala, na hapo pia hakuna kilichojazwa mapema. Lugha ya Kiswahili na namba ya nchi, +255, tumeziacha kama zilivyo, kwa kuwa wengi wenu ndizo mnazozitumia. Jamaa zetu walioko Muscat wakumbuke kubadilisha iwe +968, kwani kuanzia wiki hii kila tangazo la msiba tunampigia simu aliyelituma kabla ya kulisoma.