Ndugu wa Uamsho

Kwenye ushirika wa ndugu wa Uamsho, vuguvugu la Kikristo la Afrika Mashariki, anayesimama hatangulizi cheo wala kabila. Husema "Bwana Yesu asifiwe", akaitikiwa, kisha akaeleza alivyookoka na hali yake ya wiki hii. Mama atasema alimfokea mkwewe, ikabidi amwendee kumwomba radhi. Mwalimu atakiri kwamba alikula fedha za shule na ameanza kuzirudisha. Akimaliza, mmoja huanzisha "Tukutendereza Yesu", na wote hupokea kwa Kiganda, iwe ni Bukoba, Dodoma au Murang'a, hata kama hapo hakuna Mganda. Wenyewe huku kuungama mbele ya wenzao hukuita kutembea nuruni.

Chimbuko la Uamsho ni Gahini, Rwanda, na kilima cha Namirembe, Kampala, ambako mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto huo ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Mwafrika na Mzungu kuungamiana dhambi enzi za ukoloni halikuwa jambo dogo.

Kwangu mimi, nguvu ya Uamsho ilikuwa hapa: kuwa mtoto wa Mungu hakukuishia moyoni, kulikuja na jamaa. Binti akichumbiwa, ndugu wa ushirika huhusika katika mazungumzo kama wajomba na baba wadogo. Aliyetengwa na ukoo kwa kukataa tambiko hupata wazazi wengine. Msafiri asiyejuana na mtu mjini huulizia ndugu, akapokelewa, akala, akalala.

Undugu huo ulipata kudaiwa damu. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, wengi wa ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu. Wapo pia waliokataa bunduki za serikali. Wakashukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa.

Lakini katika Rwanda hiyohiyo ulikoanzia Uamsho, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, tena hata makanisani. Walikuwapo waliowaficha jirani zao wakafa pamoja nao, ila sitaki tuwatumie hao kuyafunika mauaji hayo. Vitambulisho vilivyomtaja mtu kuwa Mhutu au Mtutsi viliingizwa na Wabelgiji miaka ya 1930, miaka ileile ya Uamsho. Kwenye vizuizi vya barabarani kadi hiyo ndiyo iliyosomwa, ubatizo haukuulizwa.

Vijana wengi mjini leo hujiita watoto wa Mfalme, nami nafurahi kuwasikia. Ninachowatakia ni ndugu: mtu wa kabila lingine anayejua madeni yao na ugomvi wa nyumbani kwao, na ambaye wanaweza kumgongea mlango usiku.