Ile Hela Itume Namba Hii

Ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” haumlengi mtu fulani. Hutawanywa kwa namba nyingi, ukimsubiri yule anayedaiwa kweli. Mkulima wa kahawa wa Mpepai, Mbinga, mwenye deni la vibarua au mbolea, anaweza kuupokea siku ileile ya kulipa. Ujanja wote uko hapo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza nchini Tanzania Mei 2019, ulikusudiwa kuwabana matapeli, lakini wao hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya wengine. Kwa *106# mtu huona laini zilizo chini ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Anayepokea ujumbe wa kitapeli anaweza kuuripoti kwa kuutuma kwenda 15040. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno.