Rola Kosta na Siku ya Familia: Ipi Furaha ya Halali na Upi Mpaka Wake?

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

SUALI:

Ndugu yetu anayeishi Cheyo, Tabora, ametuandikia kwamba jamaa zake wa Unguja na Maskati wanapanga kukutana Abu Dhabi wakati wa likizo ya skuli, na siku moja waipeleke familia kupanda rola kosta, yaani vile vigari vinavyopanda na kushuka kwa kasi juu ya reli. Mzee mmoja katika ukoo amesema mchezo huo ni haramu kwa sababu ni kujitia katika maangamizi. Muulizaji ana mabinti wawili wanaovaa hijabu, na mtoto wa mwisho ana miaka mitano. Anauliza pia: watakaobaki Cheyo wafanyiwe nini nao wafurahi?

JIBU:

Asili ya michezo ni halali maadamu haina kilichoharamishwa. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimsitiri Mama 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini. Na katika Abu Daawuud imepokewa kwamba walishindana mbio yeye na mkewe. Kumfurahisha mke na watoto ni katika wema anaolipwa mtu kwa nia yake.

Je, ni kujitia maangamizini?

Kauli ya mzee ina msingi. Allaah Ametukataza katika Suratul-Baqarah, aya ya 195, tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi. Lakini ili tuhukumu kitu, kwanza tukijue.

Katika rola kosta nyingi, mnyororo huvuta vigari hadi juu ya kilima cha kwanza. Kuanzia hapo hakuna injini inayovisukuma, vinakwenda kwa uzito wao wenyewe. Ndiyo maana kilima cha kwanza huwa ndicho kirefu kuliko vyote. Magurudumu yake ni ya aina tatu: ya juu ya reli, ya ubavuni na ya chini yake, ili kigari kisiweze kuchomoka. Ile iliyofunguliwa Coney Island, Marekani, mwaka 1884 ilikwenda kama kilomita 10 tu kwa saa. Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, haitumii mnyororo. Inarushwa, na inafika kilomita 240 kwa saa.

Kwa hiyo hofu inayompata mpandaji si dalili kwamba anaangamia. Chombo kilichotengenezwa kwa ustadi, kinachokaguliwa na kuendeshwa na wenye ujuzi, hukumu yake ni kama ya ndege au boti: tunapanda kwa dhana yenye nguvu ya usalama. Ama chombo chakavu, kisichokaguliwa, au ambacho mwendeshaji wake anapuuza mikanda, hapo kauli ya mzee inasimama, na kukipanda hakujuzu.

Kimo cha mtoto ni amana

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni mtoto wa miaka mitano. Mlangoni huwekwa alama ya kimo, na wazazi wengine humbembeleza mhudumu ampitishe mtoto aliyepungua kidogo, au humvalisha viatu vyenye soli nene. Hii si huruma. Chuma kinachoshuka mapajani kimepimwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mdogo anaweza kuteleza chini yake. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Machozi ya mtoto aliyekataliwa yanakauka kwa dakika tano.

Vilevile mama mjamzito, mgonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa na mwenye maumivu ya shingo au mgongo wasipande. Wala asilazimishwe anayeogopa. Imepokewa katika Abu Daawuud kwamba Swahaba walimfanyia mwenzao mzaha akiwa usingizini, akashtuka, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akakataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Mtoto anayelia kwa hofu asifanywe kichekesho cha kupiga video.

Mabinti na hijabu

Agosti 2011, siku ya 'Iydul-Fitwr, Waislamu wengi walikwenda Rye Playland karibu na jiji la New York. Baadhi ya michezo ilikataza vazi lolote la kichwani kwa sababu za usalama. Kina dada wakaona wamebaguliwa, ugomvi ukazuka, na watu 15 wakakamatwa. Siku ya furaha ikaharibika.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Mwaka mmoja kabla, huko Australia, mwanamke Muislamu alifariki baada ya mtandio wake kunaswa na kigari cha mashindano. Basi mabinti wavae ushungi unaobana kichwa, ncha zake ziingizwe ndani ya nguo, na buibui pana isiachwe ikipepea. Chini wavae suruali pana. Masharti ya kila mchezo yaulizwe kabla ya kulipa. Wakiambiwa hapaingiwi ila kichwa wazi, waache mchezo huo. Kufurahi si dharura inayohalalisha kuvua sitara, wala kanuni ya usalama si sababu ya kugombana na wahudumu. Na wakae wao kwa wao au pamoja na maharimu zao.

Swalah na pesa

Foleni ya mchezo mmoja inaweza kumaliza wakati wa Alasiri. Aliyetoka Tabora au Unguja kwenda Abu Dhabi ni msafiri, anaruhusiwa kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Lakini katika madhehebu ya Shaafi'iy, akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, anaswali kwa ukamilifu.

Asikope ili apande, wala asipunguze matumizi ya wazazi wake. Na ajihadhari na vibanda vya kulipia urushe pete ili upate mwanasesere au ukose: hiyo ni kamari, hata kama zawadi ni ndogo.

Watakaobaki Cheyo

Furaha haiko Abu Dhabi peke yake. Kilomita chache kutoka Cheyo iko Kwihara na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Wachukueni watoto na chakula chao, muwasimulie kwamba msafara wa Burton na Speke ulitoka pwani Juni 1857 ukafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba, na kwamba reli ilifika mwaka 1912. Waambieni pia ukweli kuhusu pembe na watumwa waliopitishwa njia hiyo, na vipi Uislamu na jamaa zetu wa visiwani walivyofika huko. Pembea ya kamba chini ya mwembe inatosha kwa mtoto wa miaka mitano.

Kwa ufupi: inajuzu kupanda kwenye chombo salama, kwa sitara, bila ya kupoteza Swalah. Mzee aelezwe kwa adabu, kwani hofu yake ni ya mapenzi, na ashukuriwe kwa kukumbusha.

Na Allaah Anajua zaidi.